Kikwembe cha Nani

Kwetu Kalemie kitenge tunakiita kikwembe, na mwanamke anayejiheshimu hatoki nyumbani na kimoja. Kimoja amevaa, cha pili amejifunga juu yake. Cha kwanza ni nguo tu. Cha pili ni cha kazi zote: kubebea mtoto, kujikinga na upepo wa ziwa, kutandika chini ukichoka. Na hicho cha pili ndicho tunachowafunikia watu wetu. Mtoto akizaliwa anafunikwa nacho. Mgonjwa wa nyumbani akitetemeka anafunikwa nacho. Mtu wetu akikata roho, kabla hata kilio hakijaanza, anafunikwa nacho. Mtu wetu, nasema. Mgeni humfuniki. Ukimfunika mtu kwa kikwembe chako umetangaza mbele za watu kwamba ni wako, na watu wamesikia.

Nasema hili mapema kwa sababu watu wa mbali wakisikia habari ya yaya wangu huniuliza, kwani kumfunika mtu kuna nini? Kuna kila kitu, ndugu zangu. Kaeni niwaeleze.

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa. Wangu alinitangulia kidogo tu kuzaliwa, lakini mama yetu alikufa mapema, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha kupika, kuomba, kutukana na kunyamaza, ingawa hilo la mwisho mwenyewe hakuwahi kulijua. Tuliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Asubuhi tulishuka ufukweni kuwapokea wavuvi, tukaanika kwenye mchanga, na zile kavu za jana tukazibeba kwenye mabeseni kichwani hadi sokoni. Yaya alitembea mbele. Siku zote mbele. Mpaka leo nikishika njia ile na beseni, macho yangu yanatafuta mgongo wake, na yanapoukosa nakasirika kana kwamba amechelewa kwa makusudi.

Nimemkumbuka sana mwaka huu. Sijui kwa nini mwaka huu kuliko mingine. Labda ni umri.

Ilikuwa bado Zaire. Tulikuwa tunashuka kutoka daraja la Lukuga, jua limeshapanda, barabara imejaa watu wa soko. Mtu mmoja alitupita kwa baiskeli, amefunga gunia la unga wa muhogo nyuma, anapiga kengele kama tajiri. Nyuma yake likaja lori. Lilimgusa kwa ubavu tu, kama mtu anayekupiga kikumbo sokoni, na halikusimama. Lilikunja kona na kwenda zake. Baiskeli ilikwenda huku, gunia huku, mwenyewe akalala katikati na uso umegeuka mweupe kwa unga. Damu ilitoka kichwani ikachanganyika na ule unga. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya.

Watu wakakusanyika, wakaweka mikono nyuma.

Hii nayo lazima niieleze. Katika miaka ile jandarme, askari wetu wa Zaire, akifika penye ajali alikuwa anatafuta mikono. Aliyegusa ndiye aliyefanya, au ndiye anayejua aliyefanya, au ndiye aliyeiba mifukoni, kwa vyovyote vile ni wa kwenda naye. Basi watu wa Kalemie walijifunza. Ukifika penye mtu aliyeanguka, unaweka mikono nyuma ya mgongo, unafungamanisha vidole, unatikisa kichwa, unasema "maskini, maskini", na mikono inabaki huko huko. Jandarme akija anakuta duara la watu wasio na mikono. Watoto wadogo walijua kabla ya kujua kusoma.

Nilimvuta yaya. "Yaya, twende. Yaya!"

Akashusha beseni. Akafungua kikwembe chake cha juu, kile cha kijani chenye maua ya njano alichokipenda hata akawa anakataa kuniazima, akapiga magoti, akamfunika yule mtu kuanzia kifuani mpaka miguuni. Kisha akavua kilemba chake akakikandamiza kwenye jeraha la kichwa. Watu walitoa sauti moja, "Eee!" Hawakushangaa damu. Walishangaa kikwembe.

Alikuwepo msukuma pusupusu, mkokoteni ule wa magurudumu mawili, ameshusha mzigo wake hapo karibu. Yaya akamwita. Yule akauliza kwanza kilichokuwa cha kuuliza:

"Mama, muntu huyu ni wenu?"

"Ni wangu! Sukuma!"

Bila neno lile asingesukuma. Nawaambia hivyo kwa sababu baadaye wengi walimlaumu yaya kwa kusema uongo. Neno lile ndilo lililompeleka yule mtu hospitalini akiwa bado anapumua. Nami nilibaki barabarani na mabeseni mawili na kichwa kimoja.

Nilipowafikia hospitalini, walikuwa wamempokea vizuri. Muuguzi alifunga kichwa, akanyoosha mguu. Mtu hakuzinduka. Ndipo jandarme akafika, kijana mrefu, mkanda umembana, na kitu cha kwanza alichokiona ni kile kikwembe cha kijani juu ya kitanda.

"Kikwembe hiki kya nani?"

"Kyangu," yaya akasema.

"Basi muntu huyu ni wako."

"Ni wangu."

"Anaitwa nani?"

Yaya wangu, aliyekuwa na jibu la kila swali la dunia hii, alimtazama yule mtu kitandani kana kwamba angemnong'oneza jina. Mtu alikuwa anapumua tu.

"Sitwayene," jandarme akasema, maana wakati ule wa Zaire kila raia, mume au mke, aliitwa sitwayeni au sitwayene, hata akipelekwa kufungwa, "muntu gani hajui jina ya ndugu yake?"

"Papa, nilimukuta mu njia. Lori lilimugonga likakimbia."

"Kama ulimukuta mu njia, juu ya nini ulimufunika?"

Hapo ndipo walipomkamata, na mpaka leo naona jinsi mtego ule ulivyokuwa mzuri. Kama ni wako, taja jina. Kama si wako, ulimfunikia nini? Jandarme alitafuta aliyeliona lori, hakumpata. Basi akaliunganisha jambo mwenyewe: mwanamke huyu aliingia barabarani na beseni lake bila kuangalia, mwendesha baiskeli akamkwepa, akaanguka, na mwanamke kwa hofu ya kosa lake akamfunika na kumwita ndugu. Ukiisikiliza haraka ilikuwa inaingia akilini. Mimi nikasema nililiona lori. Akaniuliza, "Weye ni nani yake?" Nikasema mdogo wake. Akacheka. Shahidi wa damu moja si shahidi.

Yaya akaingizwa kasho, kile chumba cha kufungia watu pale jandarmeri. Ila mgonjwa naye alihitaji mtu wa kumlinda, maana hospitali zetu mgonjwa huja na mtu wake wa kumwosha, kumgeuza na kumlisha, na mgonjwa huyu, kwa kikwembe na kwa mdomo, alikuwa na mtu wake mmoja tu. Wakubwa wakapatana. Usiku yaya alikuwa mshtakiwa, mchana alikuwa ndugu wa mgonjwa. Kila asubuhi yule kijana mrefu alimtoa kasho, wakapanda pamoja hospitalini, yaya akamwosha yule mtu asiyemjua, akamlainisha midomo kwa maji, akazungumza naye. Jandarme alisinzia kwenye benchi. Mimi nilileta chakula cha watu wawili na kikaliwa na watatu, maana yule kijana alipenda ndagala zangu za kukaanga kuliko kazi yake. Nilimchukia kwa moyo wote na nilimwongezea pilipili.

"Amuka, Papa," yaya alikuwa anamwambia mgonjwa. "Amuka useme lori. Neno moya tu. Kiisha ulale tena."

Hakuamka. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia wazi: akiamka atamsemea dada yako, akifa, kesi ya dada yako itabadilika jina. Nilijua jina lenyewe. Tangu hapo kila nilipofika mlangoni pa wodi nilitazama kwanza kile kikwembe cha kijani, kama kinapanda na kushuka. Kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini polepole.

Nikapiga moyo konde nikaenda parke, kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Nilikuta kijana wa heshima, amevaa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, imepigwa pasi, na alinikaribisha kiti, jambo ambalo sikulitegemea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kitabu chake, akanisomea kwa Kifaransa, akanifafanulia kwa Kiswahili. Alisema nchi ina sheria. Mtu akimwona mwenzake katika hatari, naye anaweza kumsaidia bila kujitia hatarini mwenyewe, kisha asimsaidie, huyo ana kosa na anaweza kufungwa.

Nilifurahi nusura nilie. "Basi, Papa, yaya yangu alifuata sheria!"

"Kama lori lilikuwepo, ndiyo. Niletee muntu aliyeliona."

"Na yule mwenye kusaidia, sheria inamuchunga wapi?"

Akafungua kitabu, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Akakifunga taratibu. "Niletee shahidi, Mama," akasema.

Nikashuka sokoni na furaha yangu, na hapo nikafanya kosa la mtu mwenye furaha. Niliitangaza ile sheria. Nilisimama kati ya meza za samaki nikasema kwa sauti: jamani, sheria iko upande wetu! Asiyesaidia ndiye mwenye kosa! Aliyeona aje tuende naye kwa Papa wa parke! Nilidhani nawapa nguvu. Kumbe nilikuwa nawafungia mlango, maana kila aliyeisikia aliielewa upesi kuliko mimi. Kwenda kusema "nililiona lori" ilikuwa ni kusema "nilikuwako". Na kusema "nilikuwako" ilikuwa ni kusema "nilisimama mikono nyuma". Shahidi angeingia kwa mlango wa mbele na kutokea kasho.

Basi hakuna aliyekuwako. Nilipita meza kwa meza.

"Miye? Siku ile nilikuwa Mpala kwa shangazi."

"Siku gani? A-a, nilikuwa Mpala."

Hata yule wa pusupusu, niliyemwona kwa macho yangu akisukuma, naye alikuwa Mpala. Kijiji kile kidogo cha wavuvi na misheni, sijui siku ile kilibebaje watu wote wale bila kutumbukia ziwani. Nilirudi kwenye meza yetu nikakaa, nikaona jinsi ilivyokuwa kubwa bila yaya. Hakuna aliyeniambia sogea. Hakuna aliyeniambia napanga ndagala kama mtu aliyefumba macho. Nilitamani anitukane.

Meza ya jirani ilikuwa ya mwanamke tuliyemwita Mama wa migebuka, kwa samaki aliowauza. Mjane, mtu wa familia za kale za ufukweni, sauti yake ilitoka sokoni mpaka bandarini. Yeye na yaya walikuwa paka na panya. Alipoosha samaki wake maji yalitiririka upande wetu, yaya akamwambia maneno, naye akarudisha, kila siku ya Mungu, hata watu wa soko walipanga shughuli zao kwa ugomvi ule. Tangu yaya afungwe, Mama wa migebuka alikuwa haoshi samaki hapo. Alikwenda kuwaoshea mbali. Nililiona hilo, sikulielewa.

Siku moja akasimama mbele yangu, amejifunga vikwembe viwili vya Jumapili.

"Simama. Twende kwa ule mutoto wa abakosti."

"Mama, na weye haukuwa Mpala?"

"Mpala nitaenda kufanya nini? Nilikuwa nyuma yenu. Nilikuwa naangalia yaya yako anavyotembea na kiburi."

Tukaenda. Yaya aliletwa kutoka hospitalini, yule mrefu nyuma yake. Alipomwona Mama wa migebuka akakunja uso, akidhani amekuja kushuhudia maji machafu. Mwendesha mashtaka akauliza, na Mama wa migebuka akajibu akiwa wima, maana alikataa kiti.

"Uliona lori?"

"Niliona. Lilitoka nyuma, likamugonga kwa ubavu, likakata kona. Huyu mwanamuke alikuwa pembeni ya njia. Hakuingia mu njia."

"Na weye ulifanya nini?"

"Niliweka mikono nyuma."

Kijana akashika kalamu, akaiweka chini. Nadhani hakutaka kuuliza swali lililofuata, lakini kitabu kilikuwa wazi mbele yake.

"Mama, unajua sheria? Ulipashwa kumusaidia muntu huyu, kama hapakuwa hatari juu yako. Lori lilikuwa limekwisha kwenda. Barabarani hapakuwa na gari ingine. Sasa uniambie, hatari ilikuwa nini?"

"Hatari ni ninyi, Papa."

Alilisema bila hasira, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kisha akamwonyesha yaya kwa kidevu. "Huyu alisaidia. Analala mu kasho. Miye sikusaidia, nalala kwangu. Sasa uandike. Kama ni kunifunga, unifunge, lakini huyu umutoe, maji yangu hayana mutu wa kuyatukana."

Yule mrefu alitazama viatu vyake. Mwendesha mashtaka akaichukua tena kalamu, akaandika. Aliandika kwamba shahidi alihofia usalama wake, na kwa hiyo hana kosa, na kwamba mshtakiwa alifanya lililompasa. Yaya akatoka pale mchana ule ule. Alimshika Mama wa migebuka mkono, na wote wawili wakakosa la kusema, jambo ambalo halikutokea kabla wala baada. Kesho yake nusu ya soko ilikuwa imesharudi kutoka Mpala, na kila mmoja aliliona lori, na wengine walikumbuka mpaka rangi yake.

Laiti ingeishia hapo. Ningekuwa na yaya wangu leo, tumezeeka pamoja, anatembea mbele.

Yule mtu aliamka. Yaya alikuwa ameachiwa, hakuna aliyemlazimisha tena, lakini alikuwa bado anapanda hospitalini kila asubuhi. "Nimwache na nani?" aliniuliza. Mtu alipofungua macho alitazama kile kikwembe, akatazama aliyekaa pembeni, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Kikwembe hiki kya nani?" Yaya akacheka mpaka akatoka nje. Mama wa yule mtu akapelekewa habari, akaja kwa treni kutoka Kabalo, mwanamke mdogo wa mwili, mweusi tii, akapiga magoti mbele ya yaya, akasema kwao hakuna maneno mengi: aliyekufunika ukiwa umeanguka amekuwa wako, na wewe wake.

Wengine huoa kwa posa. Yule alioa kwa kuanguka baiskeli. Alikwenda Kabalo akichechemea, akarudi akichechemea na ndugu zake na mbuzi, na mimi nilimhudumia chai kwa uso wa mtu anayemkaribisha mwizi. Alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba hakuwa na kasoro ya kushika. Siku ya treni yaya aliegemea dirishani na kikwembe chake cha kijani, damu ilikuwa imeoshwa lakini kivuli chake kilibaki, akanifokea kutoka juu: "Usipange ndagala ovyo!" Treni ikang'oka. Nilibaki kwenye stesheni mpaka mfagiaji akanizunguka na fagio lake.

Kwa muda tuliishi kwa treni. Aliniletea mawese na kambale wa moshi kwa mikono ya wasafiri, nami nikampelekea ndagala. Alituma maneno: mvua imenyesha, nina mimba, mimba imetoka, nimekukumbuka. Nilimjibu kwa maneno ya kuchekesha, maana sikuwa na ujuzi wa mengine. Mama wa migebuka na mimi tulikaa kila mmoja kwenye meza yake, tunamngoja mtu yule yule. Kisha Zaire ikaanza kuchoka. Treni zikawa haba. Injini iliharibika njiani, abiria wakashuka wakapika kando ya reli, wakalala, wakapika tena.

Akatuma neno kwamba anakuja. Anakuja kukaa nami muda mrefu, mumewe amekubali. Nilipaka chokaa chumba. Nilikwenda stesheni kila uvumi wa treni uliposikika. Treni ilipofika hatimaye, watu walishuka wamechakaa, wenye vumbi mpaka kwenye kope, na yaya hakuwamo. Nikasema labda treni ijayo.

Treni iliyofuata ilimleta mumewe peke yake, na furushi. Nilimwona anavyochechemea kuja kwangu nikajua.

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ngazi za stesheni. Treni ya yaya ilikwama porini baada ya Nyunzu. Homa ikamshika, homa mbaya. Waliokuwa karibu naye walimsogeza kivulini kwenye kibaraza cha stesheni moja ndogo, halafu injini ikapatikana ghafla, honi ikapigwa, watu wakakimbilia mabehewa. Nani angembeba mtu asiye wake, afike naye Kalemie akiwa amekufa, kisha aulizwe jina lake? Wakamwacha. Mlinzi wa stesheni alimkuta pale, akamfikisha hospitali ya Nyunzu. Hakukaa sana. Mumewe aliitwa, akamzika huko.

"Lakini hakuwa vibaya," akasema, na akaanza kulia. "Mulinzi alisema alikuta kichwa kimewekwa juu ya furushi. Kulikuwa na maji mu kikombe. Na alikuwa amefunikwa vizuri, mpaka miguuni."

Akafungua furushi. Kikwembe cha kijani kilikuwemo, kimekunjwa, hakikuwa kimeguswa. Juu yake kulikuwa na kingine, chekundu, chenye ndege weusi, kimefifia pindoni kwa kufuliwa sana.

"Hiki nilikuletea. Nilizani ni kyako, alikiazima."

Nilivijua vikwembe vyote vya yaya kama ninavyovijua vidole vyangu. Hiki hakikuwa chake. Hakikuwa changu. Nikamuuliza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule jandarme mrefu, neno kwa neno:

"Kikwembe hiki kya nani?"

Hakujua. Mlinzi hakujua. Hakuna aliyejua.

Nimekuwa na miaka mingi ya kumfikiria mwanamke yule. Nimemkasirikia, nisiseme uongo. Nimemwambia kichwani mwangu: kama ulikuwa na moyo wa kumfunika, ulikosaje moyo wa kubaki? Kisha nakumbuka yule kijana aliyefungua kitabu chake, akapekua, asipate ukurasa unaomlinda aliyesaidia. Nakumbuka kasho. Yule mwanamke naye alikuwa ameyaona ya kwao. Alimfunika yaya wangu mpaka miguuni, akasema bila mdomo kwamba ni wake, akasikia honi, akakimbia kabla mtu hajaja kumuuliza jina. Alipanda treni na kikwembe kimoja, mbele za watu. Mwanamke wa kwetu anajua hilo ni nini.

Kila ninapokwenda sokoni nakiweka kile chekundu pembeni ya meza, upande wa yaya. Siuzi. Mama wa migebuka, kabla hajafa, alikuwa akiwaambia wanunuzi waache kukishikashika. Wanawake wa Nyunzu wakija kununua ndagala nawatazama macho yao kama yatasimama juu ya wale ndege weusi.

Mwenye kikwembe, kama bado uko hai, njoo ukichukue. Nimekifua kwa mkono, hakijachanika. Hakuna atakayekufunga. Sitakuuliza jina, wala kwa nini ulikwenda. Ulimnywesha maji, kwa hiyo ulimsogelea, na yaya hakuwahi kunywa maji ya mtu bila kusema neno. Hilo tu ndilo nataka unipe, kisha chukua nguo yako: niambie alisema nini.